Siku ya Tatu ya Mgeni: Mke, Mume na Ujuzi wa Ugenini katika Life in Mexico ya Frances Calderón de la Barca

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hufasiriwa kwa kawaida kama himizo la kazi, na ndivyo Mwalimu Nyerere alivyoitumia mwaka 1962 katika maandishi yake kuhusu Ujamaa. Makala haya yanadhamiria kuisoma kwa namna nyingine kidogo, yaani kama kauli kuhusu ujuzi. Katika siku mbili za kwanza mgeni huonyeshwa: hupewa mkeka safi na chakula kilichoungwa, naye hutazama. Siku ya tatu, jembe likiwa mkononi, ndipo hujua ardhi ya wenyeji wake ni ngumu kiasi gani, nani hulima na nani hula. Kwa mujibu wa methali, basi, kinachotenga kuona na kujua si idadi ya siku peke yake bali ni lile jembe.

Suala hili ni zito kwa mwanafunzi wa fasihi ya safari. Waandishi waliokaa ugenini kwa muda mrefu hudai, waziwazi au kwa fumbo, kwamba muda huo umewapa haki ya kusema. Je, dai hilo lina uzito gani? Ili kulijadili tumechagua kitabu ambacho hakisomwi sana katika idara zetu, Life in Mexico, kilichochapishwa Boston na London mwaka 1843. Ni barua 54 za mwanamke aliyekaa Meksiko na mumewe kwa takriban miaka miwili. Hoja yetu ni kwamba kukaa kwingi kulimgeuza msimulizi huyu ladha kabla ya kumgeuza hukumu, na kwamba hukumu yake ilitikisika pale tu alipopungukiwa na heshima ya ugeni. Aidha, tutaonyesha kwamba thamani ya kitabu inatokana na jambo ambalo waandishi wengi wa safari huliepuka: hakufuta maoni yake ya mwanzo alipoyapita.

Mwandishi na mazingira yake

Frances Erskine Inglis alizaliwa Edinburgh mwaka 1804. Baba yake, aliyekuwa mwanasheria, alifilisika na kuihamishia familia Ufaransa. Baada ya kifo chake, mama na mabinti walivuka bahari hadi Boston, ambako walifungua shule. Mwaka 1838 Frances aliolewa na Ángel Calderón de la Barca, mwanadiplomasia wa Uhispania aliyezaliwa Buenos Aires. Uhispania ilikuwa imekubali kuutambua uhuru wa Meksiko mwaka 1836, miaka 15 baada ya uhuru wenyewe kupatikana, na Calderón ndiye aliyeteuliwa kuwa mjumbe wake wa kwanza huko. Wawili hao waliondoka New York mwezi Oktoba 1839 kupitia Havana, wakafika Veracruz mwezi Desemba, na kuondoka nchini mapema mwaka 1842. Mwanahistoria William Prescott ndiye aliyeandika dibaji ya kitabu, naye wakati huo alikuwa akikamilisha historia yake ya kutekwa kwa Meksiko, iliyotoka mwaka huohuo wa 1843.

Msomaji wa Afrika Mashariki hana haja ya kuelezwa kwa kirefu utata wa hali hiyo. Mume ni mjumbe wa kwanza wa aliyekuwa mtawala. Katika miaka ya 1820 serikali ya Meksiko ilikuwa imepitisha sheria za kuwafukuza Wahispania, na kumbukumbu ya jambo hilo bado ilikuwa mbichi. Mke, kwa upande wake, ni Mskoti aliyelelewa katika Uprotestanti na kufunza mabinti wa Boston, naye anaingia katika nchi ya Kikatoliki kwa jina la mumewe. Kwa hiyo hawatazami nchi kutoka mahali pamoja. Yeye Frances ni mgeni mara mbili: mgeni kwa Meksiko, na mgeni kwa Uhispania ambayo Meksiko inamwona kuwa mwakilishi wake.

Nafsi ya kwanza wingi

Jambo la kwanza linalomvutia mhakiki ni matumizi ya nafsi. Barua zimeandikwa na mtu mmoja, lakini sehemu kubwa ya usimulizi inatumia nafsi ya kwanza wingi. Anayejaribu kuzifasiri kwa Kiswahili atagundua mapema kwamba kiambishi tu- kinabeba mzigo mkubwa. Katika “tulikwenda”, “tulialikwa”, “tulipewa”, ni nani hao? Tunaweza kubainisha maana tatu. Kwanza kuna “sisi” ya mke na mume, wanaosafiri katika gari moja na kula meza moja. Pili kuna “sisi” ya wageni kutoka Ulaya, ambayo hujitokeza panapohitajika kulinganisha njia, nyumba za kulala wageni au elimu. Tatu, kadiri barua zinavyosonga mbele, huibuka “sisi” ya jamii ya juu ya mji mkuu, watu wa karamu, tamthilia na mashamba makubwa, ambao mwandishi ameanza kujihesabu miongoni mwao. Kiambishi ni kilekile, ila wanaokaa ndani yake hubadilika bila msomaji kuarifiwa.

Mume anatokea kila mahali, lakini jina lake halitajwi kikamilifu. Katika toleo la 1843 anaandikwa “C—n”, herufi mbili na mstari, na hata mwandishi anajificha nyuma ya herufi. Majina ya wenyeji wengi yalifichwa vivyo hivyo, hadi toleo la Howard na Marion Fisher la mwaka 1966, ambalo lilitumia pia shajara za mwandishi, lilipoyarudisha. Ni rahisi kuichukulia mistari hiyo kuwa adabu ya wakati ule tu. Hata hivyo, kwa maoni yetu ina kazi ya kifani. Mjumbe wa serikali hawezi kusema hadharani anachofikiri kuhusu rais aliyemkaribisha, ilhali mkewe, akiandika barua kwa jamaa zake, anaweza. Mstari huo mfupi ndio pazia linalowaruhusu wawili hawa kusema kwa mdomo mmoja bila mmoja wao kuwajibika.

Ndoa hii inafanya kazi nyingine pia, ile ya kufungua milango. Cheo cha mume kiliwafikisha ikulu na kwenye shamba la Jenerali Santa Anna la Manga de Clavo, siku chache tu baada ya kutua. Lakini iko milango ambayo cheo hicho hakikuweza kuifungua na ambayo mke aliingia. Kwa idhini ya askofu mkuu alitembelea ndani ya nyumba za watawa. Alishuhudia wasichana wakiagana na jamaa zao ili wafungiwe humo maisha yao yote, na kurasa hizo ni miongoni mwa zenye uchungu mkubwa katika kitabu kizima. Isitoshe, alipenya kwa siri katika kanisa la San Agustín usiku wa toba ya wanaume, akasikia gizani sauti ya mijeledi waliyojipiga wenyewe. Wakosoaji wanaokiona kitabu hiki kuwa soga za mke wa balozi hawajazingatia kwamba soga hizo zinatoka mahali ambapo balozi mwenyewe asingefika.

Ladha inayogeuka

Tugeukie sasa mwenendo wa taathira zenyewe. Mara tu alipofika, Frances alisimulia kila kitu kwa ukali uliochanganyika na ucheshi. Chakula cha Veracruz kilimchukiza. Pulque, pombe inayogemwa kutoka katika mmea wa jamii ya mkonge, ilimkirihi kwa harufu yake. Mchezo wa ng'ombe ulimtia huruma kwa mnyama. (Ikumbukwe kwamba huu si mchezo wa Pemba, ambako fahali haui wala hauawi kwa makusudi, ni ule wa Kihispania unaoishia kwa damu.) Hata hivyo, muda si muda anakiri katika barua nyingine kwamba mchezo huo unafanana na pulque: mtu hukunja uso mwanzoni, kisha huanza kupenda. Na wanaporudi Veracruz mwaka 1842 kupanda meli, mapishi yaleyale aliyoyalaani yanamwonekea matamu ajabu, samaki na maharagwe yake yakisifiwa kwa alama za mshangao.

Mwandishi mwingine angeirekebisha barua ya kwanza ili isiumbuliwe na ya mwisho. Frances aliziacha zote mbili. Kwa hiyo msomaji hapewi hitimisho kuhusu Meksiko. Anapewa mwendo wa akili ya mtu inayozoea, na anaweza kupima mwenyewe ilitoka wapi na kufika wapi. Hapa ndipo umbo la barua linapoonyesha nguvu yake juu ya kumbukumbu inayoandikwa baada ya safari, kwa sababu barua ikishatumwa haijui kitakachofuata.

Hata taathira yake kuhusu watu inaonyesha mwendo huo. Santa Anna, aliyepoteza mguu akipigana na Wafaransa mwaka 1838, alimwonekea kwanza kuwa muungwana mpole mwenye huzuni, mfano wa mwanafalsafa aliyejitenga na dunia. Mwandishi alikwishasikia sifa zake mbaya, naye anauandika mkinzano huo kwa kejeli. Mwezi Oktoba 1841 “mwanafalsafa” huyo aliingia mji mkuu na kushika urais, na msomaji anayekumbuka barua ya Manga de Clavo anaelewa bila kuambiwa jinsi sura ya mtu inavyoweza kumdanganya mgeni wa siku moja.

Kisa cha vazi la poblana kinaonyesha kikomo cha uhuru wa mgeni. Majuma machache baada ya kuwasili, Frances aliamua kwenda kwenye dansi ya mavazi akiwa amevaa sketi yenye rangi na mapambo ya wanawake wa tabaka la chini wa Puebla. Aliona ni heshima kwa nchi. Mji ulitaharuki, na mawaziri wa serikali wakafika nyumbani kwake kumsihi aache, kwa kuwa vazi hilo lilihusishwa na wanawake wasio na sifa njema. Aliacha. Kwake vazi lilikuwa rangi, kwa wenyeji lilikuwa tabaka na jinsia. Tukio hili ni somo kwa yeyote anayedhani kwamba kuipenda nchi iliyochangamka ni sawa na kuielewa. Kanga yetu ingeweza kumpata mgeni kwa namna hiyohiyo: akaipenda rangi bila kujua jina lake linamsema nani.

Siku 12 za Julai

Alfajiri ya tarehe 15 Julai 1840 waasi wakiongozwa na Jenerali Urrea, pamoja na Gómez Farías, waliliteka jumba la serikali na kumkamata Rais Bustamante akiwa humohumo. Mapigano ya mizinga katikati ya mji yaliendelea hadi tarehe 27. Sehemu hii ya kitabu inastahili kusomwa kwa makini kwa sababu usimulizi wenyewe unabadilika. Barua inageuka kuwa shajara ya siku baada ya siku. Kauli za jumla kuhusu “tabia ya Wameksiko” zinapungua, na mahali pake panachukuliwa na habari zinazogongana: imesemwa hivi, wengine wasema vile, mtu fulani ameuawa kwa risasi iliyopotea. Kejeli haitoweki, kwa maana mwandishi anawacheka majenerali wa pande zote mbili na matangazo yao yenye maneno makubwa, lakini sasa anacheka akiwa ndani ya mji uleule unaopigwa.

Hapo kiambishi tu- kinapata maana ya nne ambayo hatukuihesabu awali: watu wa mji mmoja walio katika hatari moja. Kwa siku 12 mjumbe na mkewe hawana ratiba ya kutembelea wala kuonyeshwa. Wanasubiri kama jirani zao, wakitegemea uvumi kama jirani zao. Hatudai kwamba walifikwa na mabaya yaliyowafika maskini wa mji huo; kinga ya cheo ilikuwapo. Lakini heshima ya ugeni ilikuwa imepungua kwa muda, na ni katika muda huo tunapopata kurasa zenye ushahidi mwingi na hukumu chache. Kwa lugha ya methali yetu, jembe lilisogezwa karibu na mkono wa mgeni.

Mahali ambapo jembe halikufika

Je, ujuzi huo ulienea? Hapa uhakiki wetu hauna budi kuwa mkali zaidi. Ipo barua ambayo mwandishi anazungumzia watumishi wa nyumbani. Analalamikia wizi na uvivu wao, na hasa desturi yao ya kuacha kazi baada ya miezi michache kwa sababu moja tu: wanakwenda kwao kupumzika. Anaiona sababu hiyo kuwa kichekesho. Msomaji wa leo anaona jambo jingine. Mtumishi anayesema kuwa amechoka na anakwenda kupumzika ametoa kauli timilifu kuhusu kazi, ujira na uhuru wake. Ni sauti adimu sana katika kitabu hiki, na mwandishi anainukuu bila kuisikia.

Wenyeji wa asili nao wanatokea kwa wingi, wakibeba matunda, wakipiga makasia, wakipiga magoti kanisani, lakini mara nyingi wanatazamwa kupitia vitabu. Frances anapoliona bonde la Meksiko kwa mara ya kwanza, fikra zake zinamwendea Cortés, na Humboldt hayuko mbali na kalamu yake. Walio mbele ya macho yake wanageuzwa kuwa mabaki ya historia ambayo Prescott alikuwa akiiandika Boston. Ladha ya chakula iligeuka, maoni kuhusu wanawake wa tabaka lake yaligeuka pia: aliyewacheka kwa kutosoma vitabu aliishia kukiri kwamba kwa ukunjufu hakupata kuona wanaowashinda. Hukumu kuhusu wanaolima na kupika haikusogea kwa kiasi hicho. Sababu yake si ufupi wa muda. Pulque na maharagwe aliviweka kinywani mwake mwenyewe. Kazi ya kuvitayarisha ilibaki mikononi mwa wengine.

Tangu Edward Said alipochapisha Orientalism mwaka 1978 na Mary Louise Pratt Imperial Eyes mwaka 1992, semina zetu zimezoea kuusoma uandishi wa safari kama jicho la dola. Usomaji huo ni wa lazima, na historia inauunga mkono: miaka mitatu baada ya kitabu hiki kutoka, Marekani ilianza vita na Meksiko, na kufikia mwaka 1848 Meksiko ilikuwa imepoteza takriban nusu ya ardhi yake. Picha ya nchi nzuri, tajiri na isiyotawalika vyema haikuwa picha isiyo na madhara mbele ya wasomaji wa Boston. Pamoja na hayo, usomaji huo ukitumiwa peke yake unatunyima uwezo wa kutofautisha. Barua ya pulque, barua ya watawa, shajara ya Julai na barua ya watumishi zote zinatoka katika jicho moja, ilhali hazioni kwa kiwango kimoja. Kazi ya mhakiki ni kueleza kwa nini.

Mlinganisho wa karibu na pwani yetu

Mlinganisho na maandishi yanayotuhusu moja kwa moja unaweza kusaidia. Sayyida Salme binti Said, maarufu kwa jina la Emily Ruete, aliondoka Unguja mwaka 1866, akafunga ndoa na Mjerumani Rudolph Heinrich Ruete mjini Aden mwaka 1867 na kuandamana naye hadi Hamburg. Yeye pia aliandika kuhusu ugenini kwa umbo la barua, ambazo zilichapishwa muda mrefu baada ya kifo chake. Katika miezi ya kwanza na yeye ni mke anayeonyeshwa nchi na mumewe. Lakini mwaka 1870 mume alifariki kwa ajali ya tramu, na mjane akabaki na watoto watatu katika nchi ambayo lugha yake alikuwa bado akijifunza. Kuanzia hapo anaandika kuhusu kodi ya nyumba, baridi, mawakili na bei ya vitu. Salme alipewa jembe, na tofauti hiyo inaonekana katika kila ukurasa.

Mfano wa pili ni Selim bin Abakari, ambaye simulizi yake ya safari ya Urusi na Siberia imo katika Safari za Wasuaheli, mkusanyiko wa Carl Velten wa mwaka 1901. Selim alisafiri kama mtumishi wa bwana wa Kijerumani. Anachotuonyesha ni safari kama inavyoonekana na yule ambaye katika Life in Mexico angekuwa mtu wa kulalamikiwa. Tukiviweka vitabu hivi viwili pamoja darasani, mwanafunzi ataona mara moja ni nusu ipi inayokosekana katika kile cha Frances, na hatahitaji kuambiwa kwamba mtumishi naye alikuwa na macho.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba dai la mkaaji wa muda mrefu halipaswi kukubaliwa wala kukataliwa kwa jumla. Katika Life in Mexico muda ulifanya kazi halisi: ulilainisha chuki za kinywa na macho, ukapanua “sisi” ya mke na mume hadi ikawajumuisha wenyeji wa tabaka lao, na kwa siku 12 ukaifikisha mitaani. Haukuifikisha jikoni. Frances mwenyewe aliendelea kusogea baada ya kitabu. Mwaka 1847 aliingia katika Ukatoliki, dini ambayo taratibu zake zilimtia hofu katika kanisa lenye giza la San Agustín, na alifariki Madrid mwaka 1882.

Kwa idara zetu faida ya kitabu hiki ni ya kipekee. Tunapowasoma wasafiri waliokuja kwetu, jeraha letu huwa linasema kabla ya uhakiki wetu, na ina haki ya kuwa hivyo. Meksiko ya 1840 inatupa nafasi ya kuzinoa zana zetu mahali ambapo hatukuumizwa sisi, kisha kuzirudisha nyumbani zikiwa kali zaidi. Swali la kumwuliza kila msafiri aliyekaa miaka miwili, kumi au ishirini miongoni mwetu basi ni hili: siku ya tatu ilipofika, alishika nini mkononi?